Mini ya ofisini yagugumia kwenye tivi: niitengeneze, nihamie Raspberry Pi, au nichukue tivi-boksi?

Msafiri_Kisauni

Salaam jamani. Naomba mnaozijua hizi mashine mnisaidie kulinganisha kabla sijatoa pesa.

Mashine ni kompyuta ndogo ya ofisini, mtumba wa ng'ambo: Intel i5-6500T, RAM GB 8, SSD GB 128. Ndani kuna LibreELEC 12 (mfumo mdogo wa Linux wa kuendesha Kodi) yenye Kodi 21, programu ya kuchezea filamu. Nyuma ina DisplayPort mbili na VGA, HDMI haina, kwa hiyo nimeweka adapta ndogo ya DisplayPort kwenda HDMI. Tivi ni ya 4K. Filamu ziko kwenye diski ya nje ya TB 2.

Kasoro:
1. Filamu za 1080p zacheza sawa. Za 4K zinagugumia, picha inaganda huku sauti ikiendelea mbele.
2. Menyu ya Kodi ni nzito, na baadhi ya filamu hazitoi sauti kabisa.
3. Stima ikipotea na kurudi, tivi inabaki nyeusi. Nikichomeka kibodi na kubonyeza ndiyo inaendelea, halafu viongezi (add-on) vyote vya Kodi vya intaneti vinakataa kufunguka.
4. Baada ya saa moja hivi ya 4K inajizima.

Niitengeneze, nichukue Raspberry Pi 4 au 5 (kompyuta ndogo ya bodi moja), au ninunue tivi-boksi tu?

Fundi_MwembeTayari

Usiziweke kasoro zote kapu moja. Kati ya hizo nne, moja pekee ndiyo iliyo ndani ya chipu. Zilizobaki ni betri, vumbi na mipangilio, na ukinunua mashine mpya leo nusu yake utahama nazo.

Anza na hii: filamu ya 4K ikiwa inacheza, bonyeza herufi O kwenye kibodi. Yatatokea maelezo juu ya picha. Tafuta mstari wa dikoda, yaani kinachofumbua video. Ukiona "ff-hevc-vaapi (HW)" video inafumbuliwa na chipu ya picha. Ukiona "ff-hevc (SW)" basi prosesa yenyewe inabeba mzigo wote.

Kwa i5-6500T naweza kukisia utakachoona. Hicho ni kizazi cha 6 cha Intel, na chipu yake ya picha hufumbua HEVC (njia ya kubana video) ya bit 8 tu. Filamu nyingi za 4K, na karibu zote za HDR10 (picha zenye mwanga na rangi pana zaidi), ni HEVC ya bit 10. Upande wa Linux, kizazi hicho hakina njia ya kuifumbua kwa chipu, kwa hiyo kazi inarudi kwa prosesa, viini vinne vya 2.5 GHz. 1080p ya bit 10 itaibeba, 4K itamshinda. Hapo hakuna mpangilio wa kuokoa. Kizazi cha 7, mfano i5-7500T, ndicho kilichoanza kufumbua HEVC ya bit 10 na VP9 (njia nyingine ya kubana video) ya bit 10 kikamilifu.

Kasoro ya nne ni mtoto wa ya kwanza. Prosesa ikienda asilimia 100 kwa saa nzima, ndani ya kabati la tivi, msimu wa kaskazi ambapo chumba chenyewe ni nyuzi 30 na zaidi, lazima ijizime. Lakini pia isafishe, maanake mashine ya mtumba huja na pesti iliyokauka kama chokaa:
- Chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe.
- Fungua, shika panga za feni kwa kidole ndipo upulize vumbi. Feni ikizungushwa kwa upepo huharibika beringi.
- Futa pesti ya zamani kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi.
- Weka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele, katikati. Ukijaza, haipozi zaidi, inamwagika tu.
- Kaza skrubu kwa kupishana pembe, kidogo kidogo.

Ukiwa humo ndani toa RAM uangalie meno yake. Hewa ya chumvi ya huku kwetu huyatia utandu wa kijani au mweusi. Yafute kwa spiriti hiyo hiyo, usitumie msasa.

Kasoro ya tatu ni betri ya CR2032 kwenye bodi. Pima kwa mita: mpya ni volti 3 na kidogo, ikishuka chini ya 2.7 itupe. Betri ikifa, stima ikikatika saa ya mashine inarudi nyuma miaka. BIOS (programu ya kuwashia mashine) inasimama kukuuliza (mashine za HP huandika kosa la 005), na kwa kuwa hakuna kibodi wewe waona giza. Ukipita hapo, Kodi inaamka na tarehe ya zamani, vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana havijaanza kutumika, kila kiongezi kinakataa. Badilisha betri, ingia BIOS, weka tarehe, kisha tafuta mpangilio wa "After Power Loss" uweke iwake yenyewe stima ikirudi.

Bi_Tudor

Nakubaliana na Fundi kuhusu uchunguzi, ila kwa HEVC ya bit 10 mimi ningesema Raspberry Pi 4 ya GB 2 na mjadala uishe. Inafumbua HEVC ya 4K bit 10 kwa chipu, inapeleka HDR10 kwenye tivi, na rimoti ya tivi inaiendesha kupitia waya wa HDMI bila kifaa kingine. Washa CEC kwenye tivi tu: Samsung huiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync. Mini za ofisini karibu zote hazina CEC, utalazimika kununua rimoti ya USB.

Umeme nao: mini ikipumzika yala kama wati 10, Pi 4 kama wati 4. Ikikaa wazi mchana na usiku, siku 30 ni uniti 7.2 dhidi ya uniti 2.9.

GB 4 au 8 za RAM ni pesa za bure kwa kazi hii.

Kijana_Likoni

Na Pi 5 je? Si ndiyo mpya?

Bi_Tudor

Pi 5 ilitoka 2023 na ina nguvu zaidi, lakini kwa sinema haikuongezei mengi. HEVC inafumbua kwa chipu kama Pi 4. H.264 (njia ya zamani ya kubana video) wameiondoa kwenye chipu, inafumbuliwa na prosesa, ingawa kwa 1080p prosesa haihangaiki. Inataka chaja ya volti 5.1 ampea 5. Ukiipa ya ampea 3 itawaka, lakini soketi za USB zinabanwa hadi miliampea 600 kwa jumla, na diski ya nje huenda isizunguke.

Changamwe_Waya

Dada Tudor umeruka mambo mawili kuhusu Pi.

La kwanza, YouTube. 4K ya YouTube huja kwa VP9 au AV1. Pi 4 na Pi 5 hazifumbui hata moja kwa chipu, kwa hiyo hesabu 1080p ndiyo mwisho wake. Anayetazama YouTube kuliko faili zake, mini ya kizazi cha 7 yamfaa zaidi kwa sababu ya VP9. AV1 kwa Intel imeanzia kizazi cha 11.

La pili, chaja. Asilimia kubwa ya kesi za "Pi imeharibika" ni umeme. Pi 4 inataka volti 5.1 ampea 3, na waya mfupi mnene. Chaja ya simu yenye waya wa mita mbili hupoteza volti njiani. Zikishuka chini ya 4.63 Pi huonyesha alama ya radi ya manjano na kupunguza mwendo. Ingia kwa SSH (kuiamuru kutoka kompyuta nyingine) uandike:

vcgencmd get_throttled

Jibu likiwa 0x0 uko salama. 0x50000 maana yake volti zilishuka na mwendo ukapunguzwa wakati fulani tangu iwake. 0x50005 ni kwamba yatokea sasa hivi. Na zile UPS ndogo za rauta zinazouzwa mjini, nyingi upande wa USB zatoa volti 5 ampea 2. Hazitoshi.

Diski ya TB 2 nayo: Pi 4 hutoa ampea 1.2 kwa soketi zote nne za USB. Diski ya inchi 2.5 ikianza kuzunguka huvuta kwa ghafla, utasikia inalia tik-tik kisha inapotea kwenye orodha. Dawa ni habu ya USB yenye chaja yake.

Kijana_Likoni

Mimi naona mnazungusha. Tivi-boksi la Android bei rahisi, lina HDMI, lina rimoti, linacheza 4K. Kwisha.

Fundi_MwembeTayari

Boksi si baya kwa jina lake, ubaya ni kutojua kilichomo. Soma chipu, usisome sanduku. Sanduku litaandika GB 8 na "8K", ndani mna GB 2.

Kama unataka boksi litakalodumu, chukua lenye Amlogic S905X3 au S905X4, kisha liwashie CoreELEC (mfumo wa Kodi kama LibreELEC) kutoka kwenye memori kadi. S905X4 inafumbua hata AV1. Baada ya kuandika programu kwenye kadi, fungua folda ya "device_trees", chagua faili ya chipu yako na kiasi cha RAM, inakili nje ya folda, uipe jina dtb.img. Wengi hukosea hapa: faili isiyo yake, boksi linabaki kwenye nembo au mtandao haupatikani. Chomeka kadi, ingiza kijiti cha meno kwenye tundu la AV mpaka usikie kitufe kimebonyea, shikilia huku ukichomeka umeme, achia nembo ikitokea.

Chipu za zamani kama S905X, S905W na S912 hazipokei tena matoleo mapya. Na CoreELEC ni ya Amlogic peke yake. Boksi la Allwinner H616 au Rockchip haliingii.

Changamwe_Waya

Niongeze usalama, maana jambo hili watu hulipuuza. Januari 2023 boksi la T95 lenye H616 lilikutwa na programu hasidi iliyotiwa kabla halijafika kwa mnunuzi. Juni 2025 FBI ya Marekani ilionya kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya aina hiyo hiyo vya bei ya chini. Boksi la hivyo huwa ndani ya Wi-Fi ile ile unayotumia kwa M-Pesa na benki. Kufuta data kwenye menyu hakuondoi kitu kilichomo kwenye mfumo wenyewe. Ukiwa nalo tayari, liwekee mtandao wa wageni kwenye rauta.

Msafiri_Kisauni

Shukran nyingi. Matokeo baada ya siku tatu:

- Dikoda: "ff-hevc (SW)" kwa 4K, viini vyote vinne asilimia 95 hadi 100. Filamu za 1080p zaonyesha HW.
- Betri ilikuwa volti 1.9. Nimeweka mpya, nimeweka mpangilio wa kuwaka yenyewe. Nimezima na kuwasha kwenye soketi mara tano, mara zote imeamka hadi Kodi, viongezi vyafunguka.
- Pesti mpya, feni safi: 1080p yasimama nyuzi 58. 4K sasa haijizimi, lakini yagugumia vile vile.

Bado menyu nzito na filamu zisizo na sauti. Na diski sasa yasomeka lakini hainiruhusu kufuta wala kunakili.

Fundi_MwembeTayari

Safi sana, hivyo ndivyo kazi inavyofanywa.

Menyu nzito: adapta hizo ndogo nyingi hupitisha 4K kwa Hz 30 (picha 30 kwa sekunde) tu. Usikimbilie kununua adapta ya bei. Kwenye mipangilio ya skrini ya Kodi, weka menyu iwe 1920x1080 kwa Hz 60. Kisha washa kubadilisha Hz kulingana na filamu, na kwenye orodha ya ruhusa tia alama 3840x2160 kwa 23.976 na 24, na 1920x1080 kwa 23.976, 24, 50 na 60. Menyu itateleza, na filamu ikianza tivi itahamia yenyewe. Filamu ni picha 24 kwa sekunde, Hz 30 za adapta hazikupunguzii kitu. Hiyo 50 usiiache, vipindi vya tivi vya huku vilivyorekodiwa ni picha 25.

Sauti: bila shaka zilizo kimya ni za DTS (aina ya sauti). Umewasha "passthrough", Kodi inatuma DTS mbichi na tivi haiijui. Izime, weka chaneli 2.0, Kodi itafumbua yenyewe.

Bi_Tudor

Diski ni NTFS (mpangilio wa diski wa Windows), sivyo? Stima ilipokatika ikiwa inaandika, imebaki na alama ya kutofungwa vizuri, kwa hiyo Linux inaifungua kwa kusoma tu. Ipeleke kwenye kompyuta ya Windows, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika chkdsk E: /f, ukibadilisha E kwa herufi ya diski yako. Kisha iondoe kwa njia ya kuitoa salama, usiichomoe tu. Zima pia "Fast Startup" ya Windows hiyo, la sivyo alama yaweza kurudi.

Msafiri_Kisauni

Passthrough imezimwa, sauti ipo kwenye zote. Menyu imekuwa nyepesi. Diski yaandika. Iliyobaki ni 4K bit 10 tu. Faili zangu za hivyo ni kama moja kati ya kumi, na YouTube hutazamwa kila siku nyumbani.

Changamwe_Waya

Kwa matumizi hayo, Pi itakupa zile faili na kukunyima YouTube ya 4K. Ningekaa na mini hii kwa sasa, na ukipata mini ya kizazi cha 7, mfano i5-7500T, hamisha SSD. Hakikisha tu ni ya aina moja, SATA au NVMe, na kwamba BIOS zote mbili ziko kwenye UEFI (njia mpya ya kuwasha mashine). LibreELEC ya Intel itawaka bila kusakinishwa upya, utachagua tena kifaa cha sauti basi. Angalia chaja pia kabla hujalipa: Lenovo ndogo hutaka volti 20 na ncha ya mstatili, HP na Dell volti 19.5 na ncha ya mviringo. Dell isipoitambua chaja hupunguza mwendo wa prosesa, na utarudi hapa kutuuliza kwa nini yagugumia.

Bi_Tudor

Hapo nakubali. Ila mwenye faili tupu na asiyejali YouTube, Pi 4 bado. Tumia soketi ya HDMI iliyo karibu na ya umeme, ile nyingine 4K ya Hz 60 haitoi.