Hivi binadamu tunaruhusiwa kusema Mungu hapa hakutenda haki?

Mwana_Kibirizi: Wakuu habari za usiku. Niko hapa Kibirizi Kigoma, jirani yangu kafiwa na mtoto wa miaka 19, alitoka na wenzie kuvua dagaa upepo wa kusi ukawakuta katikati, wenzie wameokolewa yeye hapana, na hili ziwa Tanganyika mnalijua, kina kinafika karibu mita 1,470, mwili hatujaupata mpaka leo, tumekaa matanga bila kaburi. Sasa kila anayekuja kutoa pole anasema kazi ya Mungu haina makosa. Nikawa najiuliza, angekuwa nahodha ndo kamuona dogo anazama, uwezo wa kumtoa anao halafu akanyamaza, si tungempeleka polisi? Sikufuru jamani, nasali kila jumapili. Nauliza tu kipimo chetu kinamfikia Mungu au hakimfikii?

BintiUjiji: Pole sana kaka. Kwetu waislamu iko wazi, Al-Anbiyaa aya ya 23, Yeye haulizwi anayoyafanya ila wao ndo wataulizwa. Na kumbuka Nabii Musa na Khidhri, yule mja aliyepewa elimu na Mungu, kwenye sura ya Al-Kahf, Musa kaona Khidhri anatoboa jahazi la masikini akalaumu, kumbe mbele kuna mfalme anapora kila jahazi zima. Yule nabii na bado hakuona, sembuse sisi?

MhaWaKasulu: Dada nakuheshimu ila Khidhri mwishoni alimweleza Musa sababu moja moja, huyu mama aliyefiwa nani atamweleza? Alafu ukisema akili yetu haiwezi kupima matendo ya Mungu, basi hata ukisema Mungu ni mwema huo wema umeupima na nini? Siku ya kusifu tunaruhusiwa kupima, siku ya msiba tunaambiwa tunyamaze, mimi hapo nakataa. Hata wanazuoni wenu waligawanyika, kundi la Muutazila walisema akili inajua jema na baya yenyewe, Ashari wakasema jema ni lile aliloamrisha Mungu basi.

BintiUjiji: Khilafu hiyo naijua, na mimi niko na Ashari. Sote ni amana, mwenye amana akichukua chake humwiti dhalimu.

MamaK_Tabora: Wanangu, msibani tunasoma Ayubu sura ya 1 tu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, tunafunga kitabu. Sura ya 10 huyohuyo Ayubu anamdai Mungu amwonyeshe sababu ya kushindana naye. Na sura ya 42 Mungu anawakasirikia wale rafiki waliokuwa wanamtetea, anasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Sisemi Ayubu alishinda, alivyoulizwa ulikuwa wapi nilipoweka misingi ya nchi alishika mdomo, lakini hakuadhibiwa kwa kuuliza. Mimi nimezika wawili, hilo neno la haina makosa liliniumiza sana maana ukishaambiwa hivyo hata kulia unaona unakosea. Mwacheni huyo mama amuulize Mungu wake mwenyewe.

Mwana_Kibirizi: Shikamoo mama, asante sana. Hiyo sura ya 10 sijawahi kuisikia ikisomwa kanisani hata siku moja, kesho jioni nitapita kwa jirani na biblia, nikimkuta ana nguvu nitamsomea. BintiUjiji na wewe asante dada, ila hapo kwenye amana bado sijakuelewa, mtu kaitunza miaka 19 unakujaje kuichukua usiku kwenye upepo bila hata kumuaga?