Naomba ushauri: mtaro wa mvua unaishia juu ya mtaa wetu

Habari zenu wakuu. Naishi Dar, mtaa wa bondeni. Mtaro wa zege umejengwa kutoka barabarani, ukaishia ghafla juu yetu, kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha maji yote yanashukia uani kwa watu. Kibaya zaidi, wenzetu wa mtaa wa juu wanasubiri mvua ndiyo watapishe vyoo. Mnajua kinachofuata.

Wakazi tumeunda kamati, na kila kabla ya masika tunachanga na kuzibua. Mchanga na chupa za plastiki tunavirundika pembeni kwa kukosa gari la kuzoa, mvua inavirudisha mlemle. Serikali ya mtaa tumeiandikia barua. Jibu ni kwamba mtaro ni wa watu wa barabara. Wa barabara nao wanasema taka si kazi yao.

Nakumbuka mradi wa Ramani Huria ulivyowatumia wanafunzi na wakazi kuchora mitaro ya Dar kwenye ramani kuanzia 2015. Nasi tumeanza kupiga picha na kuweka alama maji yanapofika, ila sijui tumpelekee nani.

Maswali yangu ni mawili. Ombi la kumalizia mtaro lipitie wapi, na mapema kiasi gani, ili liingie kwenye bajeti ya Julai? Na kwa hawa wa mtaa wa juu, kuna aliyewahi kuwakalisha watu wa mitaa miwili kikao kimoja wakaelewana? Mtendaji wa kata anatosha, au twende kwa diwani?