Diski 8 za TB 12 kwenye Debian, Goma: RAID 5 au 6? Na chelezo iende wapi?

studio_himbi
Ndugu zangu, salamu. Kuna video za TB 50 zilizotawanyika kwenye diski za nje zaidi ya 20, zote zinatakiwa kuhamia kwenye seva moja. Diski mpya ni 8 za TB 12 kila moja, RAM ni GB 32. Nafikiria RAID 5 (diski zote kuwa hifadhi moja, nafasi ya moja ikiwa ya kufidia diski ikifa) kwa mdadm, programu ya RAID ya Linux, ili nafasi isipotee bure. Umeme hukatika mara kadhaa kwa siku, inverta na betri zipo. Intaneti hapa Goma inapandisha megabiti 20 kwa sekunde. Je, RAID 5 inatosha? Na chelezo (nakala ya akiba) ya mzigo huu inafanywaje?

mwana_katindo
Ndugu, RAID 5 iache. Diski moja ikifa, nyingine 7 lazima zisomwe zote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ili kuijenga iliyokufa: TB 84. Diski nyingi za bei nafuu zinaahidi kosa la kusoma lisilozidi moja kwa biti 10^14, yaani karibu TB 12.5. Nyingi hufanya vizuri kuliko ahadi hiyo, lakini katika ujenzi wa RAID 5 hakuna akiba yoyote: sekta moja isiyosomeka inaweza kuusimamisha mzima. Na muda nao: kwa wastani wa MB 180 kwa sekunde, TB 12 zinakula saa 18 na nusu, wakati huo watu wanaendelea kutumia seva na umeme unakatika. Chukua pariti mbili, yaani RAID 6: data ya kufidia hata diski mbili zikifa. Zinabaki TB 72 kabla ya mfumo wa faili kuchukua chake, na TB 50 zako zinaingia vizuri.

Kabla ya kuunda chochote:

`smartctl -t long /dev/sdX` kwa kila diski, ni jaribio refu la afya yake. Ya TB 12 inachukua karibu siku nzima, zipimwe zote kwa pamoja. Kisha angalia namba ya modeli kama ni CMR (njia za kuandikia hazipandani) au SMR (zinapandana kama vigae). SMR inaandika taratibu mno wakati wa kujenga upya, hadi mfumo unaidhania imekufa na kuitoa. Kama ni SMR, rudisha dukani mapema.

Halafu `smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdX`. Hii inaiambia diski ikate tamaa kwa sekta mbovu baada ya sekunde 7. Bila hiyo, diski ya kawaida inaweza kuhangaika dakika nzima na zaidi, wakati keneli (kiini cha Linux) inasubiri sekunde 30 tu. Diski ikikataa amri hiyo, andika 180 kwenye `/sys/block/sdX/device/timeout`. Yote mawili hupotea seva ikizimwa, kwa hiyo yaweke kwenye skripti ya kuwashia.

yaya_wa_seva
Naunga mkono pariti mbili, ila kwa umeme wenu ningechagua ZFS (mfumo wa faili wenye RAID yake; raidz2 ni pariti mbili) badala ya mdadm. Mdadm ikikatikiwa katikati ya kuandika, data na pariti zinaweza kutofautiana bila wewe kujua. ZFS haiandiki juu ya data ya zamani, na kila bloku ina namba ya ukaguzi.

```
zpool create -o ashift=12 hifadhi raidz2 /dev/disk/by-id/ata-...
zfs create -o recordsize=1M -o compression=lz4 hifadhi/video
```

Tumia majina ya by-id, zote 8, kamwe usitumie sda, sdb: hayo hubadilika. Bandika namba ya mfululizo (serial number) ya kila diski mbele ya kasha lake, maana siku ya kubadilisha, watu huchomoa ile nzima. Kwenye Debian sakinisha na `linux-headers-amd64`, la sivyo keneli ikisasishwa moduli ya ZFS haijengwi na hifadhi haitaonekana. `zpool scrub hifadhi` mara moja kwa mwezi, ikague data yote.

Inverta nyingi za nyumbani haziongei na seva. Weka UPS ndogo yenye USB nyuma ya inverta, na programu ya NUT izime seva kabla betri haijaisha. Radi ya Kivu mnaijua: ethaneti inayotoka nje ipite kwenye kinga yake.

bukavu_linux
RAID si chelezo. Ukifuta folda, pariti nazo zinafuta. Wezi, moto, radi, vyote vinabeba diski 8 kwa pamoja. Na mjini Goma kuna Nyiragongo: lava iliingia mjini mwaka 2002, ikaja tena Mei 2021. Nakala iliyo Ndosho ya seva iliyo Himbi haitoshi. Iwe nje ya mji.

Fanya hesabu: TB 50 kwa megabiti 20 ni siku 231. Kwa hiyo nakala ya kwanza isipite hewani. Jenga seva ya pili hapo hapo (diski 5 za TB 16, raidz1, ni TB 64), inakili kwa waya wa ethaneti, kisha ipeleke Bukavu kwa meli, diski zikiwa ndani ya sponji na zimefungwa kwa LUKS (usimbaji fiche wa diski). Kwa gigabiti 1 kunakili ni siku 5 hivi.

Baada ya hapo tuma mabadiliko tu kati ya snapshoti mbili (picha za hali ya data wakati fulani):

```
zfs send -i hifadhi/video@jana hifadhi/video@leo | ssh bukavu zfs receive -s chelezo/video
```

GB 20 za siku ni kama saa 2 na dakika 15. Hiyo `-s` ni muhimu sana kwetu: mtandao ukikatika, upande wa pili unabaki na `receive_resume_token`, na `zfs send -t` inaendelea palepale. Weka `readonly=on` Bukavu, na `zfs hold` kwenye snapshoti ya mwisho iliyofika. Ukiifuta na hakuna nyingine ya pamoja pande zote, unaanza upya TB 50.

studio_himbi
Nimeelewa, asanteni. Zile diski 20 za nje nizifute baada ya kuhamisha?

bukavu_linux
Hapana, ndugu. Zibaki kabatini hadi seva ya Bukavu ijibu na ufanye jaribio: chagua faili 30 kutoka miaka tofauti, zirudishe, linganisha `sha256sum` na za asili. Zikilingana zote, futa diski moja moja, si zote siku moja.