Naomba ushauri: Omweso wa kusikiliza kwa wasioona, na masharti ya duka la programu

Kete64 (Tororo)

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Tororo, Uganda, na jioni huandika programu za simu. Nimetengeneza omweso (mchezo wetu wa bao) wa kusikiliza, ambao mtu asiyeona anaweza kuucheza peke yake kwa simu ya kawaida ya Android. Anapopitisha kidole juu ya ubao, simu humtajia safu, shimo na idadi ya kete. Kete zinaposambazwa, husikia kila moja ikidondoka, kuanzia sikio la kushoto kwenda la kulia. Ubao una mashimo 32 na kete 64, kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kumwezesha mchezaji kuushika ubao wote kichwani bila kumchosha kwa maneno. Wanachama wa chama cha wasioona hapa mjini wameucheza. Mmoja wao, mzee aliyekuwa akicheza omweso kabla ya kupoteza uwezo wa kuona, alimfunga mpwa wake anayeona, kisha akadai mchezo mwingine papo hapo.

Nataka kuuweka Google Play, duka la programu la Google. Ada ya kufungua akaunti, dola 25, nimeipata. Linalonikwamisha ni sharti la majaribio: akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 haiwezi kuomba ruhusa ya kutoa programu kwa umma mpaka watu wasiopungua 12 wajiunge na majaribio na kubaki humo siku 14 mfululizo. Awali walitakiwa watu 20, na idadi ikapunguzwa Desemba 2024. Kila mjaribu lazima awe na akaunti yake ya Google, ilhali wachezaji wangu wengi hushirikiana simu moja watu watatu au wanne. Tena nikitaka kutoza hata kiasi kidogo, anwani yangu kamili itaonekana kwa kila mtu, na mimi naishi nyumbani na wazazi wangu.

Je, nihangaike na majaribio hayo, nisajili kampuni, au nigawe faili la APK (faili la kusakinisha programu bila kupitia duka) kwa WhatsApp na kuachana na duka?

Nakato_Hesabu (Jinja)

Mwalimu, hongera kwa kazi hiyo. Mimi huandaa hesabu za kampuni ndogo, na ningekushauri usikimbilie kusajili kampuni. Ni kweli kwamba akaunti ya taasisi haihusiki na sharti la watu 12, lakini inahitaji namba ya D-U-N-S, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha taasisi, na taarifa za namba hiyo lazima zilingane na jina na anwani zilizo kwenye hati zako za usajili. Ukisajili URSB, ofisi ya serikali inayosajili kampuni, utabeba pia wajibu wa kuwasilisha ripoti kila mwaka, hata kama mchezo haujaingiza shilingi moja.

Je, hicho chama cha wasioona kimesajiliwa kisheria? Kama ndiyo, fikirini akaunti ya chama: itakayoonekana dukani ni anwani ya ofisi, si ya nyumba ya wazazi wako. Ila andikianeni mapema, kwa karatasi na sahihi, kwamba mchezo ni mali ya nani na nani ataushika wewe ukihamishwa shule. Google Play inaruhusu programu kuhamishwa kutoka akaunti moja kwenda nyingine, hivyo lijadilini hilo sasa mkiwa mnaelewana.

Kuhusu makato ya duka kwenye mauzo, usikose usingizi. Kwa dola milioni 1 za kwanza kila mwaka Google hukata asilimia 15, na Apple nayo ina kiwango hichohicho kwa wasanidi wadogo waliojiandikisha katika mpango wao. Kesi zinazotangazwa za Marekani kuhusu maduka ya programu na sheria ya masoko ya kidijitali ya Umoja wa Ulaya zimelegeza masharti ya malipo huko kwao. Hapa Tororo hazijakufikia.

SautiKwanza (Kampala)

Mimi sioni, na nimekuwa mjaribu wa michezo kadhaa ya aina hii. Naomba nitofautiane kidogo na dada Nakato: majaribio yafanye hata kama chama kitakubali kutoa akaunti yake. Siku 14 za kusikia watu wakikwama zitakufaa kuliko hati yoyote.

Wajaribu si lazima wote wawe wasioona, wala si lazima wawe Uganda, mradi umechagua nchi zao unapoandaa majaribio. Waombe walimu wenzako na jamaa wa wachezaji. Usinunue wajaribu kwa wale wanaojitangaza mtandaoni, kwa sababu unapoomba ruhusa utaulizwa uliwapataje na walikuambia nini, na majibu ya kubuni hujulikana. Tangu Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, wengi wetu tumehamia makundi ya WhatsApp, na huko utatupata.

Fundi_Arua

Ndugu mwalimu, kugawa APK kutakusaidia kwa muda tu. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba programu zitakazosakinishwa kwenye simu za Android zilizoidhinishwa nayo, hata kutoka nje ya duka, zitahitaji kuwa za msanidi aliyethibitisha utambulisho wake. Mpango uliotangazwa ni kuanza Brazili, Indonesia, Singapuri na Tailandi Septemba 2026, na nchi nyingine kufuata kuanzia 2027. Isitoshe, mtu anayetegemea TalkBack, kisoma-skrini cha Android kinachomsomea asiyeona yaliyo kwenye simu, hupitishwa kwenye maonyo mengi kabla ya kusakinisha faili la aina hiyo, na wengi huogopa na kuacha.

Sasa niulize jambo la kiufundi ambalo hukuligusa: kidole kinapopita juu ya ubao, ni nani anayezungumza, mchezo wako au TalkBack? Kama umetumia huduma ya ufikivu ya mfumo, ile inayotumiwa na visoma-skrini, iondoe. Mchezo hauruhusiwi kujitambulisha kama chombo cha ufikivu, na utadaiwa maelezo ambayo ni vigumu kuyatoa. Lifanye kila shimo liwe kama kitufe chenye jina, TalkBack ilisome yenyewe.

Duka pia litadai picha za skrini zisizopungua mbili. Kama skrini yako ni nyeusi tupu, chora ubao wenye mashimo makubwa na rangi zinazoachana vizuri. Wenye uoni hafifu nao watacheza.

Kete64

Nawashukuru sana. Fundi, anayezungumza ni mchezo wenyewe, na huduma hiyo ya ufikivu nimeitumia. Naanza kuiondoa leo. Dada Nakato, chama kimesajiliwa, nitazungumza na mwenyekiti Jumamosi. SautiKwanza, nimekuandikia faraghani kuomba uwe mjaribu wa kwanza. Swali lililobaki: mchezo ukishatoka, naweza kuuacha bila kuugusa wakati wa mitihani?

Fundi_Arua

Muhula mmoja, ndiyo. Lakini kila mwaka Google hupandisha toleo la Android ambalo programu lazima ilenge, na ukibaki nyuma, wenye simu mpya ambao hawajawahi kuusakinisha hawataupata dukani. Tenga likizo moja kila mwaka kwa ajili ya hilo, na mfundishe kijana mmoja wa chama namna ya kutoa sasisho.