Picha ya LinkedIn, nijiandaeje wakuu?

mgeni_kariakoo: Habari zenu wakuu, Alhamisi napiga picha ya profaili studio, ile ya kichwa na mabega ya kuweka LinkedIn na kwenye sivii, sijawahi kupiga zaidi ya pasipoti saizi. Nivae nini? Na ninyoe lini maana nikinyoa huwa natoka vipele shingoni.

dada_wa_studio: Nyoa Jumatatu au Jumanne mdogo wangu, vipele vipoe kwanza. Shati lisiwe na mistari midogo midogo, kwenye kamera inacheza cheza inaharibu picha. Halafu jamani msivae shati jeupe kama bakgraundi nayo ni nyeupe, mabega yanapotea unabaki kichwa kinaelea 😂 Bluu iliyokolea haikosei. Na shati usilivae kwenye daladala, libebe kwenye henga ubadilishie hapohapo.

Kibopa: Miwani je? Mi nilipiga nayo macho hayaonekani, taa tupu.

dada_wa_studio: Mwambie mpiga picha apandishe taa juu, na wewe inamisha miwani kidogo kwa mbele, inaisha hiyo.

mama_wawili: Joto hili la Dar ukifika tu usikae kwenye kiti, kaa kwanza kwenye feni jasho likauke, pangusa paji la uso na tishu. Mafuta ya mgando siku hiyo hapana, utang'aa kama sufuria jipya.

mgeni_kariakoo: Hahaha asanteni, mafuta ndo nilikuwa nayapanga kweli