Betri au altaneta? Sunny yanizimikia, nimechoka kusukumwa

Mvita98
Assalaam aleikum wazee, naomba ushauri wa haraka. Nina Nissan Sunny ya 1998. Jumanne nimeingia feri ya Likoni, nikazima injini. Kufika ng'ambo nageuza ufunguo: tik tik tik. Basi. Nyuma yangu honi, watu wa miguu wanipita wakicheka, mwisho vijana wanne wakanisukuma kupandisha ule mlima. Jasho langu na lao.

Nimenunua kile kijisaa cha volti cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti. Asubuhi chasoma 12.1. Nikiwasha injini chateremka 12.0 na kukaa hapo hapo. Nikifika barabara kuu nikakanyaga mafuta, charuka ghafla 14.2, na hakishuki tena mpaka nizime gari. Taa ya betri ya dashibodi haiwaki kabisa, kwa hivyo altaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, ni nzima. Ninunue betri mpya? Kuna mtu ananisubiri Jumamosi.

BetriKongowea
Betri imekufa hiyo. Njoo nayo, nina betri mpya, saizi ya NS60, ile kuukuu nakukatia kwenye bei.

Chagizo
Jumanne wasukumwa, Jumamosi kuna mtu akungoja. Wenda kuposa na gari la kusukuma?

Dereva_Mstaafu
Nyinyi vijana mwasoma namba tu. Lori nililoanzia kazi lilikuwa na saa ya ampea, sifuri katikati. Sindano ikilalia kulia, betri yalishwa. Ikilalia kushoto, betri yaliwa. Usiku mmoja nimetoka Voi na shehena, kabla ya Mackinnon Road naona sindano iko kushoto imekwama, taa zafifia kama kibatari. Dizeli haihitaji umeme kutembea, nikasema nitafika. Punde sindano ya joto nayo yapanda! Hapo nikajua ni mkanda umekatika, maana ule ule ndio uliozungusha pampu ya maji. Saa zote mbili, ya ampea na ya joto, zikisema pamoja, simama. Nikalala hapo na turniboi wangu, mbu wakatumaliza. Turniboi mwenyewe siku hizi ana matatu tatu, hata salamu hatoi.

Mvita98
Ahsante mzee, lakini mkanda wangu ni mzima na joto liko kawaida.

Abu_Swichi
Rahisi. Washa gari, chomoa kichwa hasi cha betri. Likizima, altaneta ni mbovu.

FundiWaya
Usithubutu! Ukichomoa betri injini ikiwaka, volti zaruka juu kwa ghafla na zaweza kuchoma dayodi za altaneta, regyuleta, hata kompyuta ya gari. Nimeletewa magari kadhaa yaliyopimwa hivyo.

Mvita98, acha hayo, na betri pia usinunue bado. Betri iliyoshiba na kupumzika husoma kama 12.6. Ya 12.1 ina njaa, si lazima iwe maiti. Injini ikiwaka twataka 13.8 hadi 14.5. Ikipita 15 ni balaa jingine, asidi yachemka na gari lanuka mayai viza. Sasa nijibu moja tu: ukifungua swichi, KABLA ya kupiga stata, taa nyekundu ya betri yawaka?

Mvita98
Nimeshasema haiwaki. Haijawahi kunisumbua.

FundiWaya
Sikuuliza kama yakusumbua. Ufunguo ukiwa "on" na injini imelala, ile taa LAZIMA iwake, kisha izime injini ikishika. Isipowaka hapo, huo ndio ugonjwa wenyewe. Ilikuwa ikiwaka zamani?

Mvita98
Zamani ndiyo.

FundiWaya
Zamani mpaka lini? Nani amefungua dashibodi?

Mvita98
(baada ya saa mbili) Wazee, nisihukumiwe. Wiki mbili zilizopita kijana mmoja alinitolea dashibodi kunirekebishia mita ya kilomita.

BiMkasi
Kurekebisha vipi, mwanangu?

Mvita98
Ilikuwa 287,000. Sasa ni 118,000. Kila anayeuza gari afanya hivyo, na mimi injini nimeitunza. Arubuni nishapokea, nishailipia karo. Siwezi kurudi nyuma.

BiMkasi
Mita imeweza kurudi nyuma, wewe ndio huwezi? Huyo mnunuzi ana watoto kama wako. Mume wangu marehemu aliuziwa pikipiki namna hiyo, ikamwachia mguu mfupi. Mrudishie mtu haki yake.

BetriKongowea
Betri bado ipo.

Kasuku_wa_Tudor
Samahanini, mwalishwa hadithi ya kutunga. Moja: tundu la kiberiti halina moto ufunguo ukiwa umetolewa, sasa hiyo 12.1 ya asubuhi aliisomaje? Mbili: mwezi wa tatu huyu huyu aliuliza humu bei ya tairi la bodaboda, akasema "sina gari mimi". Tatu: Jumanne nilikuwa feri, sikuona Sunny yoyote ikisukumwa.

Chagizo
Jumanne saa ngapi? Feri ni nyingi jamani, ama ulisimama Likoni kutwa nzima ukihesabu Sunny?

Kasuku_wa_Tudor
Saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nala mihogo.

Abu_Swichi
Mihogo ya upande upi? Ile ya upande wa Likoni ina pilipili kweli kweli.

Mvita98
Tundu nalisoma ufunguo ukiwa hatua ya kwanza. Gari ni la marehemu ami yangu, nimekabidhiwa mwezi wa nne. Na mimi nilivuka asubuhi.

FundiWaya
Awe mwongo ama asiwe, hili hawezi kulitunga asiyelikalia: 12.0 kisha 14.2 baada ya kukanyaga, na haishuki. Kwenye altaneta za aina hiyo, umeme mdogo wa kuiamsha hupitia kwenye balbu ile ya dashibodi. Balbu haipo, altaneta yalala. Ukikanyaga sana yajiamsha kwa masalia ya sumaku. Kwenye foleni ya feri hukanyagi, kwa hivyo betri yalisha kila kitu peke yake. Yule kijana alibakisha chochote aliporudisha dashibodi?

Mvita98
Subirini.

Mvita98
Kiko kwenye tundu la majivu, kati ya shilingi kumi kumi. Kijidude cheusi, upana wa kucha ya kidole kidogo, kina balbu ncha moja. Alisema kimezidi, hakina kazi.

FundiWaya
Kisokote mahali pake, robo mzunguko.

Mvita98
Nimefungua swichi: taa nyekundu! Nimewasha: imezima. Kijisaa chasoma 14.1 hata sijakanyaga. Allah akujaze kheri fundi. Mke wangu aniuliza nacheka nini.

BiMkasi
Na mita?

Mvita98
Nitamwambia Jumamosi. Tukishaonana.

BiMkasi
Mwambie leo, kwa simu.

Kasuku_wa_Tudor
Bado nasema imetungwa. Lakini kama ni kweli, akikataa yule, hiyo ya 287,000 waiuza ngapi?