Karatasi za Zuberi: gumzo la kikundi cha Ukoo wa Ujiji

JUMAMOSI

Zuberi, saa 2:05 usiku
Assalamu alaykum wazee wangu na ndugu zangu. Mama, shikamoo. Baba Mdogo, shikamoo. Shangazi Mwanaidi, shikamoo. Nina jambo ambalo nimelibeba peke yangu kwa muda mrefu, na sasa naona sitalimaliza bila msaada wa nyumbani. Mnakumbuka kwamba mwaka 2012 nilikuwa Afghanistan, katika kambi ya Bagram, tangu Machi hadi Desemba, nikiwa fundi wa magari wa jeshi la Marekani. Hati niliyopewa nilipoondoka jeshini mwaka 2014, yaani fomu DD 214, ambayo kwa askari wa huku ndiyo ushahidi wa utumishi wake wote, haionyeshi kwamba niliwahi kutoka nje ya Marekani. Kisanduku cha 12f, kinachohesabu utumishi wa nchi za nje, kimejazwa sifuri kwenye miaka, miezi na siku. Kisanduku cha 13, cha nishani, kina zile tatu tu ambazo karibu kila askari wa wakati wangu alizipata, na kisanduku cha 18, cha maelezo, hakina hata neno Afghanistan.

Mwajuma, saa 2:14 usiku
Waalaykum salaam, kaka. Mama amekaa hapa ubavuni mwangu, namsomea kila unachoandika. Ameniambia niandike maneno yake kama alivyoyatamka: "Miezi tisa ile sikuwahi kuzima redio kabla ya taarifa ya habari ya usiku. Ni nani anayesema mwanangu hakwenda?"

Zuberi, saa 2:20 usiku
Mwambie Mama hakuna aliyenikana kwa ubaya. Kikosi changu hakikwenda Bagram. Mimi na wenzangu wanne tuliongezwa kwenye kikosi kingine kilichopungukiwa mafundi, na tuliporudi kila mmoja akarudishwa alikotoka. Karani aliyeandaa hati yangu ya kuondoka alisoma faili la kikosi changu, na kikosi changu hakikuwa na safari. Mimi nami nilitia saini bila kusoma kila kisanduku, kwa sababu siku ile nilikuwa nikiwaza tiketi ya ndege tu. Kosa nimeligundua mwaka jana, nilipopeleka maombi ya matibabu.

Shangazi Mwanaidi, saa 2:27 usiku
Pole sana, baba. Ila nieleweshe mimi nisiyejua mambo ya jeshi. Hizo nishani zina fedha ndani yake, au ni heshima peke yake?

Zuberi, saa 2:41 usiku
Nishani zenyewe hazina fedha, Shangazi. Lakini zinakwenda pamoja na mahali ulipokuwa, na mahali ulipokuwa ndipo penye uzito. Pale Bagram palikuwa na shimo kubwa la kuchomea taka, na kila kitu kilitupwa humo: plastiki, matairi, rangi, betri, mabaki ya jikoni. Karakana yetu ilikuwa upande ambao moshi ulielekea upepo unapogeuka jioni. Tulikuwa tukifuta vioo vya magari asubuhi, na kitambaa kilitoka na masizi yenye mafuta, yasiyotoka kwa maji matupu. Leo nina pumu, ambayo sikuwa nayo nilipoingia jeshini, na Mwajuma ni shahidi kwamba nilikuwa nikiogelea kutoka Kibirizi mpaka nionekane mdogo kama bata.

Tarehe 10 Agosti 2022 Rais wa Marekani alitia saini sheria inayoitwa PACT. Kwa sheria hiyo, askari aliyetumikia Afghanistan baada ya tarehe 11 Septemba 2001, akapata pumu baada ya utumishi, hadaiwi tena kuthibitisha kwamba ni moshi ule uliomdhuru. Anachotakiwa kuonyesha ni kwamba alikuwepo. Mimi nilikuwepo, lakini hati yangu inasema sikuwepo.

Baba Mdogo Saidi (Tabora), saa 3:10 usiku
Mwanangu Zuberi, marahaba. Nimesoma maneno yako mara mbili, na nimeumia, kwa maana jambo hili nalijua kwa mwili wangu. Nilipostaafu reli, ofisi moja iliyohesabu mafao yangu iliandika kwamba nilianza kazi mwaka 1981, ilhali niliajiriwa mwaka 1975. Miaka 6 niliyokesha stesheni nikiandika namba za mabehewa kwa taa ya chemli ilifutika kwa mstari mmoja wa kalamu. Nilikwenda nikalalamika, nikaleta wazee wenzangu waape, na kila mara niliambiwa nirudi wiki ijayo. Siku niliyopeleka barua yangu ya ajira, yenye tarehe na muhuri, mazungumzo yalikwisha palepale. Kwa hiyo nakuuliza swali moja tu: ni karatasi gani uliyo nayo iliyoandikwa wakati ule ule, na mtu mwingine asiyekuwa wewe?

Zuberi, saa 3:22 usiku
Ndiyo sababu nimewaandikia, Baba Mdogo. Januari 2013 nilipokuja likizo nilimwachia Mama bahasha ya kaki, nikamwambia aitunze kwa sababu nilikuwa nahama chumba. Sikumbuki yote yaliyokuwamo. Nadhani kulikuwa na amri ya kunipeleka, slipu za mshahara, na cheti cha nishani ya pongezi niliyopewa karakana.

Mwajuma, saa 3:24 usiku
Mama amekwishainuka. Anasema iko kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge vya msiba wa bibi.

Mwajuma, saa 3:51 usiku
Tumeipata, alhamdulillahi. Bahasha inanuka karafuu, kwa sababu Mama alitia karafuu kila kona ya sanduku. Mchwa wameanza pembe ya chini ya karatasi tatu, lakini hawakufika kwenye maandishi. Kuna karatasi 11 na picha moja. Niipige picha amri niitume hapa?

Zuberi, saa 3:52 usiku
Hapana, Mwajuma, tafadhali usiitume hapa. Juu yake kuna namba yangu ya hifadhi ya jamii, na kikundi hiki kina watu 64, wengine simu zao zinashikwa na watoto. Nisomee kwa maneno tu.

Mwajuma, saa 4:06 usiku
Amri ina tarehe ya Februari 2012, na mahali pa kwenda pameandikwa Bagram Airfield, Afghanistan. Ila kaka, jina lako limekosewa. Wameandika "Zubeiri". Slipu za mshahara ziko sita, na kila moja ina mstari wa malipo ya hatari, dola 225 kwa mwezi. Cheti cha nishani kina namba ya amri chini kushoto, na inasomeka vizuri.

Zuberi, saa 4:15 usiku
Subhanallah. Hiyo "i" iliyozidi ndiyo inayoeleza kwa nini amri ile haimo kwenye faili langu la kompyuta. Na slipu zina nguvu kuliko nilivyodhani, kwa sababu malipo yale hutolewa kwa askari aliye kwenye eneo la hatari, na hayatolewi kwa aliyebaki kambini nyumbani.

Idrisa, saa 4:30 usiku
Kaka Zuberi, pole kwa yote. Nimeona mtandaoni mtu anayesema hushughulikia hati za wanajeshi wa Marekani kwa dola 400, tena kwa wiki mbili. Kama ni fedha tunaweza kuchanga. Na kwa kuwa wanafungua faili upya, kwa nini usiombe na ile beji ya mapambano? Ulituambia makombora yaliwahi kuangukia kambi usiku.

Zuberi, saa 4:48 usiku
Ahsante kwa moyo wa kuchanga, Idrisa, lakini maombi haya hayana ada hata senti moja, na katika wilaya nyingi huku kuna maofisa wanaowasaidia askari wa zamani kuyajaza bure. Anayedai dola 400 anauza kitu kisicho chake.

Kuhusu beji, sitaiomba. Usiku ule nilikuwa nimejikunyata kwenye handaki la zege pamoja na wenzangu, na hakuna amri iliyotolewa kwa jina langu. Wapo waliokuwa barabarani ambao hawakurudi. Naomba yaliyo yangu matatu. La kwanza ni nishani ya kampeni ya kijeshi ya Afghanistan, ambayo anaistahili aliyekaa huko siku 30 mfululizo, pamoja na nyota moja ya awamu ya kampeni hiyo niliyoikuta. La pili ni nishani ya NATO. La tatu ni nishani ya pongezi, ambayo haiji kwa kukaa tu, lazima iwe na amri yake, na hiyo Mwajuma ameishika mkononi sasa hivi.

Baba Mdogo Saidi (Tabora), saa 5:02 usiku
Hapo umesema kama marehemu baba yako. Mwombaji akiongeza kimoja kisicho chake, msomaji huanza kuvitilia shaka na vile vilivyo vyake. Sasa eleza hatua, ili tujue tunamsubiri nani.

Zuberi, saa 5:20 usiku
Kwanza naandika kwa kamandi ya rasilimali watu ya jeshi la nchi kavu, iliyoko Fort Knox, Kentucky, ambayo inaweza kurekebisha makosa yanayoonekana wazi kwenye karatasi. Wakikubali, hawachani hati ya zamani. Hutoa fomu DD 215, yaani hati ya masahihisho, inayoambatana na DD 214 maisha yote. Wakisema ushahidi hautoshi, ndipo nakwenda kwenye bodi ya kusahihisha kumbukumbu za jeshi kwa fomu DD 149. Huko sheria inatoa miaka 3 tangu kosa lilipogunduliwa, na bodi inaweza kusamehe kuchelewa ikiona haki inadai hivyo. Bodi inaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi, kwa hiyo nataka jambo liishie Fort Knox.

Jambo moja zaidi, kwa Mama. Ofisa anayenisaidia aliniambia kwamba tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu za jeshi kule St. Louis liliungua, na mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakateketea. Mpaka leo kuna wazee wanaothibitisha utumishi wao kwa karatasi ambazo mama zao na wake zao walizihifadhi nyumbani.

Mwajuma, saa 5:31 usiku
Nimemsomea. Amenyamaza, kisha ameirudisha bahasha kwenye mapaja yake. Anauliza kama na yeye anaweza kuandika ushahidi, aweke dole gumba.

Zuberi, saa 5:36 usiku
Mwambie maelezo ya shahidi huwa na uzito yakitoka kwa mtu aliyekuwa nami pale pale, na sajenti wangu wa karakana amekubali kuyaandika na kutia saini. Ushahidi wa Mama ndio huo alioushika mapajani.

JUMATATU

Baba Mdogo Saidi (Tabora), saa 1:40 asubuhi
Nimeandaa maneno ya maelezo yako, mwanangu, utayatia Kiingereza mwenyewe: "Nilitumikia Bagram, Afghanistan, tangu Machi hadi Desemba 2012, nikiwa nimeongezwa kwenye kikosi kisicho changu. Amri iliyonipeleka ina kosa la herufi moja katika jina langu, lakini namba ya utambulisho ni yangu. Naambatanisha amri, slipu 6 za mshahara, cheti cha nishani na maelezo ya sajenti wangu. Naomba visanduku vya 12f, 13 na 18 visahihishwe." Usiongeze habari za pumu hapo. Hiyo ni ya Idara ya Wanajeshi Wastaafu, nayo ina mlango wake.

Zuberi, saa 1:58 asubuhi
Ahsante sana, Baba Mdogo. Sitabadilisha ila tarehe kamili nitakazozisoma kwenye amri.

Mwajuma, saa 6:15 mchana
Nimetoka steshenari ya Mwanga. Umeme ulikatika mara mbili, lakini zote 11 zimeskaniwa kwa rangi, na nimezituma kwenye barua pepe yako peke yake, pamoja na picha. Kijana wa dukani nimemsimamia mpaka alipozifuta kwenye kompyuta yake. Nyuma ya picha kuna mwandiko wako: "Mama, hapa ni baridi lakini nakula."

Zuberi, saa 10:20 jioni
Nimezipokea, nimeketi nazo kabla ya kwenda kazini. Mwajuma, ukurasa wa saba, kile cheti cha nishani, umekatwa chini kushoto. Namba ya amri haionekani, na bila namba hiyo hawataikubali.

Mwajuma, saa 10:24 jioni
Samahani, kaka. Pembe ilikunjika pale mchwa walipokula. Duka halijafungwa, narudi sasa hivi.

Mwajuma, saa 11:09 jioni
Nimeituma tena. Safari hii nimeinyoosha kwa rula, na Mama amekuja mwenyewe kuisimamia. Angalia kama namba inasomeka yote.

Zuberi, saa 11:13 jioni
Inasomeka yote.